Kuweka Injini ya 200Tdi Katika Land Rover Series III ya Usukani wa Kulia: Mwongozo Kamili

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, bado iko kazini Afrika Mashariki: mashambani, kwenye misheni, katika kampuni za utalii, na mikononi mwa watu wanaoipenda tu. Bodi yake ya alumini hailiwi na kutu kwa urahisi, chesisi yake inachomeleka, na fundi yeyote mwenye spana za inchi anaweza kuifungua. Kinachowachosha wenye magari haya ni injini. Ile ya petroli ya cc 2286 hutoa nguvu za farasi 70 hivi na hunywa mafuta kwa kiasi cha kumfanya mtu apige hesabu kabla ya kuwasha. Ile ya dizeli ya ukubwa huohuo hutoa karibu 62, na gari la inchi 109 (umbali kati ya eksili ya mbele na ya nyuma) lililopakia magunia hupanda mlima kwa gia ya pili huku malori yakilipita.

Dawa iliyozoeleka ni injini ya 200Tdi. Hii ni dizeli ya cc 2495 yenye turbo na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), ambayo Land Rover ilianza kuiweka kwenye Discovery mwaka 1989 na kwenye Defender mwaka uliofuata. Katika Discovery hutoa nguvu za farasi 111, na nguvu yake ya kuzungusha hufikia Nm 264 kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika, wakati ile ya petroli ya cc 2286, iitwayo 2.25 kwa lita zake, hufikia Nm 163 hivi. Pampu yake ya nozeli ni ya kimakanika kabisa, haina kompyuta, na waya mmoja wa umeme unatosha kuifanya iendelee kunguruma. Zaidi ya hayo, bloku yake ni ya ukoo uleule wa injini ya 2.25, na ndiyo maana inaingia mahali ambapo injini nyingine hulazimisha kukata na kuchomelea.

Wapo wanaoweka injini za Toyota au Isuzu katika Land Rover, na zinafanya kazi. Lakini hapo utahitaji bamba la kuunganishia giaboksi, mauntingi mpya kwenye chesisi, na mara nyingi giaboksi nyingine kabisa. Kwa gari ambalo mwenyewe anataka libaki Land Rover, na liweze kurudishwa lilivyokuwa siku moja, 200Tdi ndiyo njia fupi. Hata hivyo isimdanganye mtu: kuitumbukiza injini chini ya boneti ni kazi nyepesi kuliko zote zilizomo humu. Kazi yenyewe ni joto, gia na breki, na gari lililopewa injini mpya bila kushughulikiwa mambo hayo matatu ni gari la hatari zaidi kuliko lilivyokuwa.

Kwa nini upande wa usukani una uzito

Injini ya 200Tdi ina manifoldi, turbo na bomba la ekzosti upande wa kushoto, na pampu ya nozeli upande wa kulia. Katika Series III yenye usukani wa kulia, boksi la stelingi, shafti ya usukani na pedali zote ziko kulia. Kwa hiyo upande wa moto wa injini unakaa peke yake kushoto bila kugombania nafasi na stelingi, na waya wa kuvuta mafuta kutoka kwenye pedali hadi kwenye pampu unakuwa mfupi. Kwenye gari la usukani wa kushoto hali hugeuka: turbo ya Discovery, ambayo imefungwa chini, huingiliana na boksi la stelingi, na mtu hulazimika kutafuta manifoldi ya Defender ambayo hubeba turbo juu. Kwa hiyo magari ya Kenya, Uganda na Tanzania yana bahati katika jambo hili, ilhali mtu aliyenunua Series ya usukani wa kushoto kutoka Burundi au Kongo asifuate vipimo vya mwongozo huu upande wa ekzosti.

Makaratasi kwanza

Namba ya injini na aina ya mafuta huandikwa kwenye kadi ya gari Tanzania na kwenye hati ya umiliki Kenya. Ukibadilisha injini bila kubadilisha kumbukumbu hizo, utakwama siku ya kuuza, siku ya ukaguzi, au siku ya kudai bima baada ya ajali. Kabla ya kulipia injini, dai risiti ya mauziano inayotaja namba ya injini, na kama imetoka nje ya nchi, dai nakala ya nyaraka za forodha. Uliza TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) au NTSA (mamlaka ya usafiri Kenya) utaratibu wa wakati huo wa kubadilisha taarifa, na uwaulize pia watu wa bima, kwa maandishi. Muuzaji asiyeweza kueleza injini ilitoka kwenye gari gani aachwe, hata bei yake iwe tamu namna gani.

Kuchagua injini

Namba ya injini imepigwa kwenye bloku. Ikianza na 12L, ni 200Tdi ya Discovery. Ikianza na 11L, ni ya Defender. Ya Discovery kwa kawaida ni nafuu na inafaa vizuri kwenye Series ya usukani wa kulia. Usiichanganye na 300Tdi iliyokuja 1994: ni injini nzuri, lakini mauntingi zake na vifaa vyake vya mbele vimekaa tofauti, na kazi inakuwa ndefu.

Ikiwezekana nunua injini ikiwa bado ndani ya gari na inawaka. Iwashe ikiwa ya baridi. Moshi mweupe unaotoweka baada ya dakika moja hauna neno. Mweupe usioisha na wenye harufu ya kulanti (maji ya kupozea injini) unaashiria kuharibika kwa silinda hedi au gasketi yake. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, ukiweke kinyumenyume juu ya tundu: kikitikisika kidogo ni kawaida, kikirushwa pembeni na upepo, ringi za pistoni zimechoka. Vua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kuchezacheza kidogo sana kwa pembeni kunakubalika, lakini ikisogea mbele na nyuma, au kama mabawa yameparuza nyumba yake, hesabu bei ya turbo nyingine. Mwisho kagua silinda hedi, kwa sababu ni ya alumini na haisamehi kupikwa: injini iliyowahi kuchemsha maji huacha alama za kutu na kulanti iliyokauka kuzunguka maungio.

Nunua kila kinachoambatana nayo: rejeta, intakula na mabomba yake, nyumba ya chujio la hewa, relei ya hita plagi, alteneta, stata, pampu ya vakyumu, bomba la kwanza la ekzosti hata kama halitafaa, na kila mkono na bolti. Vitu hivi vikitafutwa kimoja kimoja baadaye hugharimu kuliko injini.

Kazi ya juu ya benchi

Wakati injini iko nje, badilisha kila ambacho kukifikia baadaye ni mateso: taimingi belti na tenshena yake, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krenki, sili za mbele, themostati na mipira yote. Belti ya injini hii inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 96,000 hivi, na nusu ya hapo kwa gari la vumbi na kazi nzito, yaani magari yetu mengi. Usiamini belti uliyoikuta hata kama inaonekana mpya. Ikikatika, valvu hukutana na pistoni.

Kisha linganisha nyuma ya injini na giaboksi. Hausingi ya flaiwili ya Discovery inakaa kwenye giaboksi ya Series, lakini stadi na mashimo havilingani yote. Chukua gasketi au karatasi ngumu, ichapishe umbo la uso wa giaboksi pamoja na matundu yake, ihamishie kwenye hausingi, uone ni matundu gani yanahitaji kutobolewa na kukatwa nyuzi. Tobolea kwenye mashine iliyosimama wima na si kwa dirili ya mkono, maana stadi iliyolala kidogo tu itaikamata giaboksi isiingie.

Klachi ifikirie kwa namna hii: kifuniko kinatakiwa kilingane na matundu ya flaiwili, na bamba la kati linatakiwa liteleze kwenye meno ya shafti ya giaboksi yako. Series III hutumia klachi ya inchi 9.5. Lijaribu bamba kwenye shafti kwa mkono kabla ya kufunga chochote. Vilevile pima bushi ya shaba iliyo katikati ya krenki dhidi ya ncha ya shafti ya giaboksi, kwani kama haikai sawa, klachi haitaachia vizuri na kasoro hiyo utaigundua gari likiwa tayari limefungwa.

Kutoa ya zamani na kuingiza mpya

Kutoa injini ya Series hakuhitaji maelezo marefu: boneti, paneli ya mbele pamoja na rejeta, mabomba, waya, ekzosti, bolti za kuzunguka giaboksi, kisha cheni bloku. Fungua pia kifuniko cha sakafu na cha katikati ndani ya kabini, ili uweze kuitegemeza giaboksi kwa jeki na kuzifikia nati za juu. Andika alama kwenye kila waya kwa tepu kabla ya kukata. Paneli ya mbele ikiwa imetoka, osha chesisi na uikague: sehemu za mauntingi na nyuma ya eksili ya mbele ndizo huliwa kwanza. Hakuna wakati mwingine ambapo utazifikia kwa urahisi huu, kwa hiyo chomelea sasa.

Mikono ya mauntingi ya injini ya zamani huhamishiwa kwenye bloku mpya, kwa vile bloku ni za ukoo mmoja. Mkono wa kushoto ndio wenye maneno, kwa sababu turbo ya Discovery inakaa karibu yake, na mara nyingine hupunguzwa au kutengenezwa upya kwa chuma cha unene uleule. Tumia raba mpya.

Injini ikishaingia na kushikana na giaboksi, usikaze mauntingi hadi mwisho. Kwanza zungusha jicho: kati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na eksili ya mbele, kati ya turbo na chesisi, kati ya feni na rejeta, kati ya pampu ya vakyumu na chochote kilicho kulia. Inua eksili ya mbele kwa jeki mpaka raba za kugota ziguse chesisi, upime tena nafasi chini ya sampu, maana barabarani springi zitafika hapo. Injini ya dizeli hutikisika kwa nguvu inapozimwa, na hilo nalo linahitaji nafasi. Milimita 20 pande zote ndicho kiwango ambacho fundi makini angekikubali.

Ekzosti

Bomba la kwanza la Discovery halifuati njia ya Series, hivyo fundi wa kuchomelea atatengeneza jingine, likishuka kutoka turbo, likipita nje ya giaboksi bila kugusa sakafu ya upande wa abiria, kisha likaungana na mfumo wa nyuma. Bomba la milimita 57 hadi 63 linatosha. Lisiwe jembamba kwa sababu tu ndilo lililokuwapo dukani: turbo isiyopumua huongeza joto la ekzosti na kuichosha hedi. Weka kipande cha bomba linalonyumbuka karibu na turbo, na mkono wa kushikilia bomba ufungwe kwenye giaboksi na si kwenye chesisi, ili bomba litikisike pamoja na injini. Mpira wa breki, waya na bomba la mafuta vilivyo upande wa kushoto vikae umbali wa kiganja kutoka kwenye turbo, na bamba la kukinga joto liwekwe kati yao.

Kupoza

Katika Discovery, rejeta ya maji, intakula na kipoza oili vimefungwa bega kwa bega katika fremu moja pana. Fremu hiyo haikai nyuma ya paneli ya Series bila kuikata paneli au kuisogeza mbele. Hapa watu hugawanyika katika njia tatu. Ya kwanza ni kukata paneli na kuweka fremu nzima ya Discovery, na hii ndiyo inayopoza vizuri kuliko zote, ingawa sura ya mbele ya gari hubadilika ukiitazama kwa makini. Ya pili ni kubaki na rejeta ya Series, baada ya kutengenezewa kiini kinene zaidi, na intakula ikawekwa mbele yake au pembeni. Ya tatu ni kuacha intakula kabisa.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa na mafundi wanaotaka kumaliza Jumamosi. Inawezekana, lakini kwa masharti: hewa itokayo kwenye turbo ni ya moto, hivyo mafuta ya pampu na shinikizo la turbo lazima vipunguzwe, na hapo nguvu uliyoilipia inabaki kwenye karakana. Ukiacha intakula huku pampu ikiwa imeachwa kama ilivyotoka Discovery, joto la ekzosti hupanda mlimani na pistoni hulipa. Kwa joto la pwani, na kwa milima kama Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu unapoupanda umepakia, ningesema bila kusita: weka intakula.

Kipoza oili nacho kisiachwe kimya kimya. Kama matundu ya kukipeleka oili yapo kwenye nyumba ya chujio, ama kifungwe kipoza chenyewe kwa mipira ya shinikizo, ama itumike nyumba ya chujio isiyo na matundu hayo. Kuziba kwa bolti na tepu ni kuomba oili yote imwagike barabarani.

Feni ya umeme hurahisisha nafasi, lakini iwe na swichi ya joto kwenye rejeta na swichi ya pili ya mkono ndani ya kabini. Tangi dogo la kulanti liwe juu kuliko sehemu ya juu kabisa ya hedi, la sivyo hewa itakwama ndani na geji itakuonyesha uongo. Tumia kulanti halisi iliyochanganywa na maji safi, si maji ya bomba peke yake, kwa sababu hedi ni ya alumini na maji ya chumvi ya Dar es Salaam au Mombasa yataila.

Hewa na mafuta

Chujio la hewa la zamani la Series ni la bakuli la oili. Liache ukutani kama pambo. Turbo inavuta hewa nyingi, na oili ya bakuli ikivutwa ndani, injini ya dizeli itaichoma kama mafuta na kuongeza mwendo bila kushikika. Tumia nyumba ya chujio la karatasi la Discovery, kwa mpira mgumu usiobonyea.

Tangi lililokuwa la petroli lioshwe, likaushwe na likaguliwe kutu. Pampu ya nozeli hutegemea dizeli yenyewe kulainisha vyuma vyake, hivyo maji na uchafu ndio adui wake mkubwa. Weka chombo cha kutenganisha maji chini ya mstari wa mafuta kabla ya pampu ndogo ya kuvutia, kisha chujio la Discovery. Dizeli inayozidi hurudi tangini, na gari la petroli halina njia ya kurudi. Itengenezwe kwa bomba la chuma au mpira unaostahimili dizeli, iingie juu ya tangi na mbali na mdomo wa kuvutia.

Umeme

Hapa ndipo 200Tdi inapokuwa rafiki. Waya wa swichi uende kwenye solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu: ukiwasha swichi inafunguka, ukizima inafunga dizeli. Waya wa stata uende kwenye stata mpya. Waya mnene utoke alteneta hadi betri. Alteneta ya Discovery hutoa ampea nyingi kuliko ile ya Series, kwa hiyo waya wa zamani utaungua, badilisha kwa wa milimita za mraba 10 au zaidi. Hita plagi nne kwa pamoja huvuta ampea zinazokaribia 50 au zaidi zinapoanza, na swichi ya zamani haiwezi kubeba hilo: tumia relei yake, fyuzi kubwa karibu na betri, na waya mnene. Betri iwe ya dizeli, si ile iliyokuwa ikiwasha petroli.

Coili, distributa na waya za plagi zitolewe kabisa, zisiachwe zikining'inia na umeme ndani. Geji ya joto ya Series inataka senda yake. Ukiweka senda ya Discovery kwenye geji ya Series, sindano itasimama mahali pasipo na maana. Ama hamisha senda ya zamani kwa kutengenezewa nyuzi zinazofaa, ama weka geji mpya na senda yake. Kwa gari lililobadilishwa injini, geji ya joto ndiyo bima yako, na ningeongeza king'ora cha maji kupungua.

Breki na stelingi

Injini ya dizeli haina vakyumu kwenye manifoldi yake. Kama Series yako ina busta ya breki, mpira wake lazima uunganishwe na pampu ya vakyumu iliyo upande wa kulia wa injini, pamoja na valvu ya kuzuia kurudi. Kama haina busta, huu ndio wakati wa kuiweka. Gari la inchi 88 mara nyingi lina breki za mbele za inchi 10. Zile za inchi 11 za gari la inchi 109 huhamishika na zinafaa zaidi. Fahamu kwamba gari lililokuwa likichoka kwenye kilomita 80 kwa saa sasa litafika 110 bila kelele, huku ngoma za breki zikiwa zilezile za miaka ya sabini. Kagua pia boksi la stelingi, bolti za majani ya springi na mipira ya mwisho ya stelingi, kwa sababu mwendo mpya utafichua ulegevu ambao mwendo wa zamani uliuficha.

Gia

Jambo hili wengi hulikumbuka wakiwa barabarani, injini ikilia. Series III ina difu (gia za katikati ya eksili) za 4.7 kwa 1, na transifa yake (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye gia kubwa ni 1.148 kwa 1. Kwa tairi za 7.50-16, ambazo husafiri takriban mita 2.45 kwa kila mzunguko, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unataka injini izunguke karibu mara 3,670 kwa dakika. Petroli hustahimili kelele hiyo, lakini 200Tdi ina nguvu yake ya kuzungusha chini kabisa, na kuifukuza hadi hapo kutwa nzima ni kuitesa bila faida.

Kuna suluhisho mbili. La kwanza ni ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko) ya aina ya Fairey, yenye uwiano wa 0.782, ambayo hushusha mizunguko hiyo hadi karibu 2,870. Faida yake ni kwamba ukitaka nguvu ya mlimani unaitoa tu. Hasara ni kwamba haipendi mizigo mizito, na ikikaukiwa oili hufa haraka. La pili ni kubadilisha difu kuwa za 3.54 kutoka Range Rover au Discovery za awali zenye eksili shafti za meno 10, na hapo injini inazunguka karibu 2,765 kwenye kilomita 100. Mbele na nyuma lazima zilingane bila tofauti yoyote, la sivyo ukiweka gia ya magurudumu manne utavunja kitu.

Kwa gari la inchi 88 kazi hii ni nyepesi, maana kila difu hutoka nzima kama kipande kimoja. Gari la inchi 109 kwa kawaida lina eksili ya nyuma ya Salisbury, ambayo difu yake hupangwa ndani ya eksili yenyewe kwa shimu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye dayal geji na subira. Kumbuka mambo mawili yanayofuata 3.54. Geji ya mwendo huendeshwa kutoka transifa, hivyo itaonyesha 60 gari likiwa linakwenda 80. Na breki ya mkono ya Series hushika shafti inayotoka transifa, ikisaidiwa na uwiano wa difu. Ukipunguza uwiano huo, nguvu ya breki ya mkono inapungua kwa karibu robo. Irekebishe vizuri, na ubebe kigingi cha gurudumu.

Giaboksi yenyewe, ikiwa nzima, huvumilia injini hii kwa dereva mtulivu. Kinachoivunja ni kukanyaga mafuta yote kwenye gia ya kwanza na ya pili huku gari limepakia.

Kuwasha mara ya kwanza

Jaza oili ya 15W-40 ya dizeli na kulanti. Weka mkononi ubao bapa unaoweza kuziba mdomo wote wa hewa, umpe msaidizi anayejua kuutumia: injini ikikimbia yenyewe bila kuzimika kwa swichi, kuziba hewa ndiyo njia ya uhakika. Asiweke mkono wala kitambaa.

Ng'oa waya wa solenoidi ya kuzimia, zungusha stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ili turbo isianze kavu. Kisha rudisha waya, pampu dizeli kwa mkono kwenye pampu ndogo huku skrubu ya hewa ya chujio ikiwa imelegezwa, hadi itoke bila mapovu. Legeza nati za mabomba mawili au matatu kwenye nozeli, zungusha stata, uzikaze dizeli ikitokea. Usiweke kidole mbele ya dizeli inayotoka kwa shinikizo, inapenya ngozi. Washa hita kwa muda wake, halafu washa injini.

Ikishika, iache bila kuongeza mafuta. Angalia oili, maji, ekzosti na mafuta kwa tochi, na usifunge boneti mpaka themostati ifunguke na rejeta yote iwe ya moto.

Barabarani

Safari za kwanza ziwe fupi, karibu na gereji, bila mzigo. Baada yake kaza tena mauntingi, manifoldi, ekzosti na bolti za giaboksi, uangalie kulanti ikiwa baridi. Ndipo uende mlimani ukiwa na mzigo wa kawaida, ukitazama geji ya joto muda wote. Ikipanda na ikashuka unapopunguza mwendo, tatizo ni hewa isiyopita kwenye rejeta au feni dhaifu. Ikipanda na isishuke, simama, maana huenda kuna hewa ndani ya mfumo au gasketi imeanza kupitisha.

Moshi mweusi mzito unapokanyaga ni mafuta mengi kuliko hewa: tafuta mpira wa turbo uliochomoka au chujio lililoziba kabla ya kugusa skrubu ya pampu. Baada ya kilomita 1,000 badilisha oili na chujio lake, mwaga maji kwenye chombo cha kutenganishia, na ulegeze kisha ukaze tena klipu zote za mabomba ya intakula, kwani huko ndiko uvujaji huanza.